Jenereta halikukimbia

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Chumbageni, hapa hapa Tanga. Nina mwezi wa pili kazini kwa wakala wa forodha, na barua za wateja karibu zote zinakuja kwa Kiingereza. Juzi mteja mmoja aliandika: 'The generator has been running all night.' Nikamwendea bosi nikamwambia jenereta limekimbia usiku kucha. Akashika simu, akampigia mlinzi wa yadi, akamuuliza nani kaliiba. Sasa ofisi nzima wananiita Jenereta. Nimefungua kamusi nilitafute hili 'run', nikakuta maelezo marefu mpaka nikaifunga. Mtandaoni nimesoma kwamba lina maana 645. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu anazikariri vipi? Nimekuwekea na sentensi sita zilizonishinda."

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa jina. Jina la kazini huhama siku anapokuja mwingine akakosea kukupita, na kwa kazi hiyo ya kusoma barua za watu hutangoja sana. Mimi nilipokuwa kijana kama wewe niliitwa kusoma majina ya washindi wa mashindano ya bao, vyeti vyenyewe vimeandikwa Kiingereza. Nikafika kwenye "runner-up". Sikulijua, nikaona nisiaibike mbele za watu, nikatangaza kwa sauti kubwa: "Mkimbiaji wa juu!" Akainuka mzee mmoja na mkongojo wake, akaja taratibu kupokea zawadi ya mshindi wa pili. Watu walicheka mpaka kiti kikavunjika. Kwa hiyo ukiangushwa na neno hili, jua hukuanguka peke yako.

Sasa hiyo 645. Ni kweli. Kuna kamusi kubwa ya Kiingereza inayotengenezwa Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884. Toleo lake la pili, la mwaka 1989, lina juzuu 20, na ndani yake neno lililokula nafasi kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya 400. Wahariri wakaendelea kulipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu, wakafika herufi R, na mhariri mmoja, Peter Gilliver, akakabidhiwa "run". Alikaa nalo zaidi ya miezi tisa. Mimba nzima. Alipomaliza, kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645, na mwaka 2011 habari hiyo ikaenea kwamba "set" amevuliwa ubingwa.

Lakini mwanangu, hesabu ile ni ya mtengeneza kamusi. Kazi yake ni kuchambua, kila anapoona tofauti ndogo anachora mstari na kuanza namba mpya. Msemaji hana namba kichwani. Hakuna mtoto wa Kiingereza aliyekaa chini akakariri maana 645, kama ambavyo wewe hukukariri "piga".

Hebu litazame hili "piga" kidogo, kwa sababu ndilo litakalokufungulia mlango. Leo asubuhi umepiga mswaki, ukapiga pasi shati, mama akapiga deki, ukapiga chai, ukapiga simu, njiani jua likakupiga, ofisini ukapiga hodi, ukapiga muhuri karatasi, mchana ukapiga miayo, jioni ukaenda Raskazone kupiga mbizi, na kurudi ukapiga soga barazani. Siku nzima umepiga na hakuna aliyeumia. Nilimfundisha Kiswahili mgeni mmoja, bibi wa makamo, akaniuliza kwa huruma kabisa: kwa nini watu wenu wanapiga kila kitu? Nikakosa la kumjibu kwa dakika nzima, maana sikuwahi kuliona. Neno lenyewe hatulisikii, tunasikia kinacholifuata. Ukisema "nimepiga" ukanyamaza, nitangoja. Ukisema "pasi", nimekwishaelewa.

"Run" ndiyo "piga" yao. Haliishi peke yake. Maana yake nusu iko kwa yule anayelitenda na nusu iko kwa jirani anayelifuata.

Kabla sijaenda huko, turudi yadi kwenu, maana kosa lako lina sababu na sababu yenyewe inapendeza. Shuleni walikwambia "run" ni "kimbia", wakachora mtoto anatimua mbio, wakaendelea na somo. Hawakukudanganya, kwenye miguu ya yule mtoto maneno mawili yanakutana kweli. Tatizo ni kwamba yanakutana pale tu, kama watu wa njia mbili wanaopishana kwenye kivuko, halafu kila mmoja anashika njia yake.

"Kimbia" yetu ndani yake ina kuondoka. Mara nyingi ina hofu. Mtu amekimbia deni, amekimbia nyumba, mwanafunzi kakimbia shule. Anayetoroka vita ni mkimbizi, na mahali anapopata usalama ni kimbilio. Hata ukimfukuza kuku unamkimbiza, na yeye anajua kwa nini. Kasi tumeiwekea zaidi neno lingine, "mbio": tunapiga mbio, tunashindana mbio. Ndiyo maana bosi wako aliposikia jenereta limekimbia alimpigia mlinzi. Aliisikia sentensi kwa Kiswahili sahihi kabisa: kitu kilichokuwepo hakipo tena.

Mahali pamoja ambapo "kimbia" yetu imejitanua ni kwenye Mwenge wa Uhuru. Mwenge "unakimbizwa" mkoa hata mkoa, hakuna anayeufukuza, na sehemu kubwa ya safari unakwenda kwa gari. Hapo neno limeacha hofu na limeacha hata miguu, limebaki na kupelekwa tu kutoka mahali mpaka mahali. Likumbuke hilo, kwa sababu "run" ilianza kujitanua hivyo hivyo, ila yenyewe haikusimama.

Ndani ya "run" hamna kuondoka wala hofu. Mimi naionja hivi: ni mwendo usiokatika, wa kitu kilichokwisha kushika njia yake. Mtoto yule wa kwenye picha ni mfano mmoja tu, na wala si mkongwe kuliko mingine. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa la mtu na la maji kwa pamoja, kwenda mbio na kutiririka. Ukitaka ushahidi, waulize Wajerumani, waliokaa hapa Tanga mpaka 1916 na kutuachia "shule" na "hela". Lugha yao ni ndugu wa Kiingereza, nao hadi leo wana vitenzi viwili: "rennen" kwa mtu anayekwenda mbio, na "rinnen" kwa maji yanayochuruzika. Kiingereza kiliviunganisha vya kwake vikawa kimoja, na hasara ya muungano huo unailipa wewe ofisini.

Sasa njoo nami mpaka Chongoleani. Unajua lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka pwani yetu. Urefu wake ni kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya kilomita hizo iko upande wa Tanzania. Mafuta ya kule yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linawekewa umeme wa kulipasha moto njia nzima. Mwingereza akilieleza bomba hilo anaweza kutumia "run" mara nne bila kuhisi kwamba amejirudia.

"The pipeline runs from Hoima to Chongoleani." Chuma kimelala ardhini, hakijongei hata kidole, naye anasema "runs". Kilicho na mwendo hapo ni jicho lake linalofuata mstari kwenye ramani. Usimcheke, sisi pia tunafanya hivyo: barabara hii inakwenda Muheza, inapita Segera. Barabara imekwenda lini? Basi hapo sema bomba linatoka Hoima mpaka Chongoleani, au linapita mahali fulani.

"The oil runs through it." Hapa ni maana ya maji ya kale: mafuta yanapita, yanatiririka.

"The pumps run day and night." Hapa ni mashine. Na hapa ndipo neno lilipopata utajiri wake mkubwa, kwa maoni yangu. Enzi za mitambo ya mvuke zilipoingia, Waingereza walihitaji neno la kitu kinachokwenda chenyewe bila kuchoka, wakalichukua lililokuwa la mto na la farasi wakaliweka kwenye gurudumu, kwenye saa, kwenye garimoshi, na mwisho kwenye programu za kompyuta. Sisi mitambo ilipotufikia, na reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, hatukuwa na haja ya neno moja. Treni tukasema inakwenda. Saa inakwenda, ikiharibika imesimama. Gari likiwashwa tukasema limewaka, kana kwamba ni jiko. Jenereta linawaka, au linaunguruma, au linafanya kazi. Jenereta la mteja wako liliwaka usiku kucha. Ni hivyo tu, na huenda alikuwa analalamikia mafuta.

"The company that runs the pipeline." Hii ya nne ndiyo itakayokusaidia zaidi, isome mara mbili. Bomba linakwenda, na kampuni inalifanya liende. Kiswahili kwa jambo hilo kinageuza mkia wa kitenzi: enda, endesha. Pita, pitisha. Kimbia, kimbiza. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na umbo la namna hiyo, kitenzi kimoja cha kwenda mbio na kingine cha kumfanya farasi aende mbio, lakini vikayeyukia pamoja. Leo mkia haupo, unaambiwa na mpangilio wa maneno tu. Kwa hiyo ukiona baada ya "run" kuna kitu kimekaa moja kwa moja, bila kijineno katikati, jaribu kwanza mkia wa kufanyisha. "Run a business" ni kuendesha biashara. "Run the engine", endesha injini, au iache iwake. "Run the cable through the wall", pitisha waya ukutani. "Run your finger down the list", pitisha kidole kwenye orodha. Vijana wa kompyuta siku hizi wanasema "ku-run programu". Kijiweni siwakatazi, lakini kwenye ripoti "endesha" lipo, limenona, na kila mtu analielewa.

Bomba moja, "run" nne, Kiswahili kikatoa vitenzi vinne, na "kimbia" hakuitwa hata mara moja.

Nguo je? Kanga mpya ukiiloweka na shati jeupe, rangi ikatoka, wao wanasema "the colour runs". Sisi kanga inachuja. Mtoto mwenye mafua, kwao pua ndiyo ina "run", kwetu kamasi zinamtoka, pua imetulia mahali pake. "Running water" ni maji ya bomba, na ukiuliza jirani wa Ngamiani kama yapo, unauliza maji yanatoka, si maji yanakwenda. Haya yote ni mto ule ule wa zamani, hayana ugumu.

Siasa ndiyo inayonifurahisha. Mmarekani akitaka urais ana "run", kama yuko kwenye riadha. Mwingereza akitaka ubunge ana "stand", anasimama tu wamwone. Sisi tunagombea, neno lililotoka kwenye "gomba", kuteta. Mataifa matatu, kila moja limekiri jambo lake kuhusu uchaguzi. Na yule mwenzake kwenye karatasi ya kura, "running mate", kwetu ni mgombea mwenza, kwa hiyo hata wewe ukiwa na haraka usimwandike mkimbiaji mwenza.

Tuje kwenye vile vijineno vinavyofuata: out, into, over, by, through, down, up. Hapa ndipo barua zenu zinapokulaza macho, na hapa ndipo nataka uache kufungua kamusi kwa kitenzi na uanze kuifungua kwa vyote viwili pamoja. "Run" na "out" ni neno moja lililoandikwa kwa nafasi katikati. Kazi ambayo Kiingereza kinaipa kijineno cha nyuma, Kiswahili mara nyingi kinaipa mkia, na ukishaliona hilo hutakwama tena kwenye jambo hili.

Chukua "we have run out of diesel". Dizeli imeisha. Lakini anayesema si dizeli, ni wao, na wanaumia. Kiswahili kinaye "isha", kinamtia mkia wa kuelekea, "ishia", kinamtia mkia wa kutendwa, "ishiwa": tumeishiwa dizeli. Ndani ya neno moja kuna kilichoisha, kuna aliyeishiwa, na kuna ile sura ya mtu anayegeuza mifuko nje. Kiingereza kimetumia maneno mawili matatu na bado hakijafikisha uchungu. Vivyo hivyo "run low on", kupungukiwa. Unaona mkia unavyofanya kazi?

Nenda Kigombe sasa, ukawasikilize wavuvi. Kiingereza kina "run aground", chombo kugota chini. Ukiwafasiria wavuvi hivyo watakuuliza: kimegota vipi? Maana kwao ni mambo mawili tofauti kabisa. Chombo kikipanda mwamba ni ajali, mbao zinapasuka, watu wanaogelea. Lakini kama nahodha alichelewa kutoka, maji yakapwa, chombo kikabaki kimelala ubavu kwenye mchanga, basi kimepwelewa, wao wanakaa kwenye kivuli chake wanakula mihogo wanangoja maji yajae. "Pwa", "pwelea", "pwelewa": bahari imeondoka, na chombo kimetendwa na kuondoka kwake. Nimefasiri miaka mingi, sijapata neno moja la Kiingereza linalolipa haki yake hilo. Kwa hiyo ukiona "ran aground" kwenye barua, usifasiri mpaka umejua: mwamba, au maji kupwa? Kwa mwenye mzigo na kwa mtu wa bima hilo ndilo swali lenyewe.

Vingine nakupitishia haraka. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia. "Run into" matatizo ni kukumbwa nayo. "Run into" ukuta ni kuugonga. "Run over" mtu kwa gari ni kumkanyaga, lakini "run over" hesabu ni kuzipitia, na ukizichanganya hizo mbili utapelekwa polisi. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni. "In the long run" ni hatimaye. "Three days running", siku tatu mfululizo. "On the run", anasakwa, yuko mafichoni. Hii ndiyo pekee inayofanana na "kimbia" yetu kwa hofu yake. "Run of the mill" ni ya kawaida tu, kama mzigo wa kinu usiochambuliwa. "It runs in the family", ni ya ukoo. Utakutana na mengine mia, na mengi yatajieleza yenyewe ukijiuliza tu ni nini hapo kimeshika njia na hakikatiki. Yasiyojieleza, yakariri. Si mengi.

Na jambo dogo la maumbo: "run", jana "ran", halafu inarudi "run" baada ya "has" na "have". Nimesahihisha "runned" kwenye madaftari mpaka kalamu nyekundu zikaniishia.

Haya, sentensi zako.

"We are running late." Tumechelewa, au tunachelewa. Hakuna anayekimbia, kama wangekimbia wasingechelewa.

"We are running low on pallets." Paleti zinatuishia. Maana yake halisi ni kwamba leteni nyingine, ila Mwingereza huona aibu kuomba moja kwa moja. Mjibu kwa kumwambia zitafika lini.

"The vessel ran into bad weather off Pemba." Meli ilikumbwa na hali mbaya ya hewa karibu na Pemba. Hapo anakuandaa kwa ucheleweshaji, au kwa mzigo uliolowa. Uliza ipi.

"Let me run this by you." Hii ndiyo uliyoiwekea alama tatu za kuuliza, na sikulaumu, hata kwangu ilichukua muda. Anataka kukuonyesha jambo kabla hajaliamua, apate maoni yako. Kama mtu anayekupitishia samaki mbele ya macho, uguse, useme mbichi au kalala. Fasiri: naomba nikushirikishe hili kwanza. Na ujibu, kwa sababu ukikaa kimya atahesabu umekubali.

"Please note that demurrage is running." Hapa nisikilize vizuri kuliko pote. Demareji ni gharama za kuchelewesha meli au kontena, wewe unazijua. Zina "run" kama maji ya bomba lililoachwa wazi: kila siku inayopita zinaongezeka. Ungemwambia bosi gharama zimekimbia, kwa Kiswahili chetu angeelewa zimeondoka, hazipo tena, angekununulia soda. Mwambie: gharama zinaendelea kuhesabiwa kila siku. Hatakununulia kitu, lakini kontena litatoka.

"We will run the boxes on Friday." "Boxes" ni makontena, hilo halina shida. Lakini "run" hapa imekaa na kitu moja kwa moja, kwa hiyo ni mkia wa kufanyisha, na mikia yenyewe inaingia miwili: kuyasafirisha Ijumaa, au kuyapitisha kwenye skana Ijumaa. Nimeigeuza mbele na nyuma, sentensi peke yake haisemi. Mpigie simu aliyeiandika kabla hujamfikia bosi, maana ikiwa ni kuyasafirisha, malori mnatakiwa muwe mmeyapata Alhamisi.